Mwalimu wa Mikia

Kwa Mwalimu, ukisema "sufuria" umesema upuuzi. "Sufuria ya nani?" atakuuliza, na lile jicho lake la kushoto lililokuwa likicheza akikasirika limeshaanza kucheza. Unababaika. "Ya... ya kwako, Mwalimu." "Basi ina mkia wake. Uweke!" Na sisi wanawake wazima, wauza nguo na wasusi, tumekaa mkekani tunaitazama sufuria yake ya bati iliyobonyea, tunaitikia pamoja kwa Kituruki kama watoto wa chekechea. Tencerem, sufuria yangu. Tenceren, sufuria yako. Tenceresi, sufuria yake.

Neno "mkia" alilileta Furaha, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa anasuka nywele kule mtaa wa Point. Siku ya kwanza alicheka mpaka akalala ubavu. "Eh, Mwalimu, hii luga iko na mikia mingi kupita soko ya mbuzi!" Mwalimu alijitia kununa, lakini Jumamosi iliyofuata nilimsikia mwenyewe akisema, "Haya, nipe mkia wa mahali." Ikawa ndiyo hivyo, na mtaani wakamwita Mwalimu wa Mikia. Jina lake halisi nalijua, ila hakuna aliyemwita kwalo na mimi sitaanza leo.

Hiyo ilikuwa Durban, miaka ya tisini inaelekea kwisha, kwenye ghorofa moja ya South Beach ambayo lifti yake ilifanya kazi ikipenda. Tulijifunza Kituruki kwa sababu ya Istanbul. Wenzetu waliotangulia kufuata jinzi na makoti ya ngozi walirudi wanalalamika: mwenye duka anakuchekea, anamgeukia mwenziwe, anasema neno moja, na bei imeshapanda. Umesimama pale na pesa yako kama bubu. Mwalimu alikuwa ameolewa Uturuki na fundi mitambo wa meli, akakaa huko miaka mingi mpaka mume akafa. Durban alikuwa anashona, anapunguza suruali na kubadilisha zipu, cherehani iko dirishani. Jumamosi alasiri alitufundisha sisi, nasi tulimlipa kwa samaki, unga, na umbea.

Ubao hakuwa nao, wala kitabu. Alikuwa na vyombo vyake, na mlango wa jikoni. "Sisi Waswahili wavivu," alisema. "Niko nyumbani. Nakwenda nyumbani. Natoka nyumbani. Nyumbani ni ileile, haijishughulishi, kitenzi peke yake ndicho kinachohangaika. Kwa Mturuki nyumba yenyewe inakwambia unakwenda au unatoka." Halafu anatusimamisha kizingitini. Ukiwa ndani unasema evde. Ukiingia, eve. Ukitoka, evden. Furaha alitoka jikoni na kikombe chake akasema eve kwa sauti ya kujiamini. "Umesema unaingia, mbona unatoka? Rudi!" Akarudi. Akatoka, akakosea tena, akarudishwa tena, chai ikapoa mkononi. Siku hizi nikivuka mlango wowote midomo inanicheza yenyewe.

Na hakutaka tujidai kwamba mikia ni mambo ya kigeni. "Mamangu, babako, mwanawe, nduguye, mumeo. Hiyo nini kama si mikia? Ila sisi tunawatia watu wa damu na wa ndoa tu. Wao wanatia mpaka sufuria." Mimi mdomo wangu haunyamazi, nikamwuliza, kwa hiyo kwao sufuria ni ndugu? Akasema, "Kwao kila kitu kina mwenyewe, mwanangu. Hata mtu."

Kanuni yake kubwa ilikuwa moja: kwanza mwenyewe, kisha njia. Evimden. Nyumba, halafu yangu, halafu kutoka. Ukiigeuza, alisema, Mturuki atakuelewa ila atakuonea huruma, na ukishaonewa huruma dukani umeliwa. "Kitu kwanza kijulikane ni cha nani, ndipo uulize kinakwenda wapi." Alilisema hilo mpaka kwa wateja wa kushonewa, wanaume wa Kizulu waliokuja na suruali zao na wasielewe hata neno. Wao waliitikia sharp, sharp, yaani sawa, wakaondoka.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa mstari ulionyooka. Huyu mama aliyetugombeza kwa herufi moja, mwenyewe hakuwahi kumaliza nguo siku aliyoahidi, hata mara moja. Bahari ilikuwa pale chini, watu wanatoka Joburg kuja kuiona, na yeye pazia la upande huo hafungui. Kwenye maduka ya Overport alishindana na wauzaji vitambaa mpaka wakakimbilia stoo, halafu kitambaa kilichobaki anampa jirani bure. Alisali sala zake zote, na baada ya chai alijifungia chooni akavuta sigara, moja tu. Akitoka amesukutua, tunajifanya pua zetu zimekufa. Chai yenyewe aliipika Kituruki, birika juu ya birika, ya juu majani makali, ya chini maji ya kuongezea. Mabirika yake yalikuwa ya upana tofauti, la juu likawa linapepesuka, na tulikaa mbali nalo.

Tena alikuwa na mavyaa. Yaani mama wa mumewe, yule wa Uturuki. Kila mfano wa Mwalimu ulikuwa ni wake. Somo gumu kuliko yote ni pale vitu viwili vinapofungwa pamoja, maana Mturuki anamtia mkia mwenye mali, na mali nayo anaitia wake. Kaynanamın bastonu. Mavyaa-wangu-wa fimbo-yake. "Mnaona? Mwenye mali ana alama, na mali ina alama. Hapapotei kitu." Basi tukaimba fimbo ya mavyaa, miwani ya mavyaa, mto wa mavyaa, zeituni za mavyaa. Tulimjua bibi yule kuliko majirani zetu. Tulijua anatia sukari vijiko vitatu na kumdanganya daktari kwamba ni kimoja. Tulijua kwamba ndiye aliyemfundisha Mwalimu lugha, jikoni, kwa kumkataza kugusa chombo mpaka akitaje, na kwamba alimwita binti yangu, si mke wa mwanangu. Mwalimu alianza kila hadithi kwa kucheka. Katikati ya hadithi anainuka, anakwenda chooni, tunasikia kiberiti.

Mmoja wetu aliwahi kumwuliza, "Mwalimu, huyo bibi yu hai?"

"Sijui," akasema, akageukia cherehani. Siku hiyo somo liliishia hapo.

Zamu yangu ya Istanbul ilipokaribia, aliniambia nibaki wenzangu wakiondoka. Nikadhani anataka kunitahini. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, mimi mkekani, akaanza kuongea huku anachambua nyuzi kwenye pindo la sketi.

"Mume wangu alipokufa nilibaki na mavyaa. Kisha akaanguka bafuni, akavunjika nyonga. Nilimgeuza mimi, nilimwogesha mimi. Nikachoka. Usione haya, nakwambia nilichoka. Nikamwambia nakwenda Tanga kuzuru kaburi la mamangu, mwezi mmoja tu. Mamangu alikufa mimi niko kule, habari ikanifikia arubaini imeshapita. Basi mavyaa akanishika mkono, akaniuliza utarudi? Nikasema nitarudi." Akaukata uzi kwa meno. "Nilikuwa nimeshajua sirudi. Nimemtupa mtu kitandani, mwanangu. Mtu aliyenifundisha jina la kijiko."

Nikamwambia ampigie simu. Akasema alishafanya hivyo, zamani. Alimsikia bibi anasema alo, alo, yeye mwenyewe akakata. Mara ya mwisho kupiga, namba haikuita tena.

Mimi ni Mkatoliki wa Morogoro. Kwetu ukikosa unakwenda kwa padri, unapewa sala zako, unatoka mwepesi. Nikamwambia amwombe Mungu, Mungu ni mwingi wa rehema. Jicho likaanza kucheza. "Iko haki ya Mungu na iko haki ya mja. Ya Mungu nitamwomba Mungu. Ya mja, Mungu mwenyewe anangoja mja aseme. Yule asiponihalalishia haki yake hapa duniani, nitasimamishwa naye huko mbele." Akaniomba nikimaliza manunuzi nipande basi mpaka Mudanya, mji mdogo wa bandari upande wa pili wa bahari, nimtafute. Akiwa hai, nimwombe radhi kwa niaba yake. Hakuwahi kuniomba kitu kabla ya siku ile. Ningekataaje?

Basi akanifundisha sentensi moja tu, jioni nzima. Ona hakkınızı helal edin. Mhalalishieni haki yenu. "Haki, halafu yenu. Usiseme yako, ni mtu mzima yule. Halafu mkia wa kitu kinachotendwa. Rudia." Nikarudia mpaka ulimi ukauma. Siku ya safari alinifuata hadi ngazini akamwaga glasi ya maji nyuma yangu, ndivyo Waturuki wanavyomwagia msafiri ili aende na kurudi kama maji. Mlinzi wa jengo, aliyeshateleza kwenye maji hayo kwa ajili ya wasafiri wengine, alipiga kelele kutoka chini. Eish, huyu mama!

Istanbul nilinunua vizuri, na mwenye duka mmoja alipomgeukia mwenziwe nikamjibu mimi. Alishtuka nusura aangushe kikokotoo. Kisha nikapanda basi.

Mudanya sikupata tabu. Nilisimama kwenye duka la zeituni nikasema namtafuta bibi ambaye mwanawe, fundi wa meli, alioa mke mweusi, na muuzaji akafunga duka akanipeleka mwenyewe. Bibi alikuwa hai. Alilala kitandani karibu na jiko la kuni, mdogo, kichwa kama cha mtoto kwenye mto mkubwa, na mpwa wake ndiye aliyekuwa akimtunza. Niliposema jina la Mwalimu alifumbua macho yote mawili.

Nikapiga magoti nikasema sentensi yangu. Mikia yote ikakaa mahali pake.

"Helal olsun," akasema. Na iwe halali. Hakuvuta hata pumzi, alipunga mkono kama mtu anayefukuza inzi. "Helal olsun, helal olsun." Nikamshukuru Mungu wangu. Nikajua nimemaliza, nitanywa chai, nitawahi basi la jioni.

Bibi akanishika mkono. Akaanza kusema haraka, nami nikapotea, mpaka mpwa akaja kukaa karibu yetu akayarudia maneno polepole, moja moja, nikayaelewa. Kulikuwa na simu. Kutoka Tanga, kwa jirani, miaka ile. Mama yake Mwalimu yuko mahututi, anamwita mwanawe, aje upesi. Mwalimu alikuwa sokoni. Aliyepokea ni bibi. Hakumwambia. Mwanangu yuko baharini, alisema bibi, mimi peke yangu, niliogopa akienda harudi. Akakaa kimya mpaka arubaini ikapita, ndipo akajifanya habari imeingia siku ile.

"Mimi ndiye wa kuomba," alisema. Machozi yalikuwa yanaingia masikioni kwa jinsi alivyolala. "Mwambie binti yangu... mwambie yeye. Atanihalalishia?"

Sasa niambie wewe, ungefanyaje? Mtu amebakiza mifupa na macho, amekushika mkono, analia. Nilikuwa na neno moja tu, nalo halikuwa zito kulitamka.

"Etti," nikasema. Ameshahalalisha.

"Kumbe alijua?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

Aliuachia mkono wangu. Akashusha pumzi ndefu, akageuza uso ukutani, akalala. Mpwa akanibusu mkono wangu na kuuweka kwenye paji la uso wake, kama mimi ndiye mkubwa. Ndani ya basi nilijiona nimefanya jambo jema kuliko yote niliyowahi kufanya. Nasema kweli. Nilikuwa naimba kimoyomoyo.

Durban mzigo wangu ulikuwa umekwama Clairwood unasubiri kutolewa na forodha, lakini nilikwenda kwa Mwalimu kwanza. Nikamwambia yu hai. Nikamwambia amekuhalalishia, hakufikiri hata kidogo. Mwalimu alifunika uso kwa kile kitambaa alichokuwa anashona akalia kwa sauti, alhamdulillahi, alhamdulillahi, na mimi nikalia naye. Ningenyamaza hapo! Lakini nilikuwa nimetumwa, na mjumbe anafikisha yote. Nikamwambia habari ya simu.

Kitambaa kilishuka taratibu.

"Mamangu alikuwa ananiita?"

"Ndivyo alivyosema, Mwalimu."

"Kwa jina?"

"Hilo sikuuliza."

Alikaa. Cherehani ilikuwa na taa ndogo, nayo ilikuwa imewaka bure. Mimi mjinga nikaona nimtulize. Nikamwambia usijali, bibi alilia sana akaomba radhi, na mimi nimeshamwambia kwamba umesamehe. Ameshalala kwa amani.

"Umemwambia nini?"

Nikarudia, sauti imeshuka.

"Nani alikupa?"

"Mwalimu, alikuwa analia..."

"Sikukuuliza alikuwa anafanya nini. Nimekuuliza nani alikupa." Lile jicho halikucheza. Hilo ndilo lililonitisha. "Nilikutuma ukaombe. Sikukutuma ukagawe. Ile haki ilikuwa ya mamangu, ikaja kwangu. Mamangu yuko chini ya mchanga anauangalia mlango, na wewe umesimama Mudanya unagawa. Toka, mwanangu. Toka kabla sijakuvunjia heshima."

Darasa lilikufa. Aliwaambia wenzangu macho yanamsumbua. Furaha aliponibana nikamweleza. "Ulifanya muzuri, weye," akasema. "Mais, lakini ulifanya na kitu ya mwenyewe." Nikaenda kanisani kuungama. Padri akaniambia nia yangu ilikuwa njema, akanipa sala, nikazisali zote nikiwa nimepiga magoti. Sikutoka mwepesi. Kila nikifunga macho namwona Mwalimu anauliza kama aliitwa kwa jina, nami nilikuwa na bibi pale pale kando ya kitanda chake na sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kusamehe.

Miezi ikapita. Nilipeleka samaki nikamwachia mlinzi, sijui kama walipanda juu. Kisha siku moja Overport, kwenye robot, zile taa za barabarani, karibu na maduka ya vitambaa, nikageuka nikamkuta amesimama kando yangu na robota la kanzu kwapani. Alikuwa amepungua. Shikamoo yangu ilitoka kama kikohozi.

"Marahaba," akasema. Akaangalia magari. "Nasikia unakwenda tena."

"Wiki ijayo, inshallah." Mimi Mkatoliki, lakini kwake nilisema hivyo siku zote.

"Utapita kule?"

"Ukiniambia nipite, nitapita. Ukiniambia nisipite, sipiti. Na kama unataka nikamwambie ukweli, kwamba ni mimi niliyesema na si wewe, nitamwambia, Mwalimu. Nitapiga magoti nimwambie."

Robot ikawaka kijani. Watu wakavuka, wakatupita kulia na kushoto. Yeye hakusogea, nami sikusogea.

"Ulipomwambia," akasema, "alifanya nini?"

"Alipumua. Kisha akalala. Mpwa wake alisema usingizi ulikuwa umemkimbia siku nyingi."

"Alilala."

"Alilala, Mwalimu."

Akahamisha robota kutoka kwapa hili kwenda lile. Robot ikarudi nyekundu. "Mimi alinihalalishia hapo hapo," akasema. "Hata hakufikiri."

"Hakufikiri."

"Mimi nafikiri. Nikiamka nafikiri, nikishona nafikiri. Kila sala najaribu, nafika kwenye neno lenyewe nashindwa." Aligeuka akanitazama, mara ya kwanza tangu siku ile. "Sijamsamehe, mwanangu. Na sidhani kama nitaweza."

"Pole, Mwalimu."

"Lakini ukifika kule," akasema, "usimwambie."